Mtambo ulijiinua mara 12 usiku mmoja, onyo la mvua likabaki kwenye orodha

Mwishoni mwa masika yaliyopita, usiku wa kuamkia Jumatano, redio yetu ilitangaza msiba mmoja mara 13. Tangazo lilisikika saa 6 usiku na dakika chache, likasikika tena baada ya dakika 22, na tena, na tena. Saa 10 na nusu alfajiri mwenzetu wa zamu ya asubuhi alifika, akasikiliza kidogo huku kofia ya bodaboda bado iko mkononi, akauzima mtambo.

Asubuhi ile simu hazikukatika. Familia ya marehemu ilitaka kujua kama tunamfanyia baba yao mzaha. Tuliwaendea siku hiyohiyo, tukakaa nao mkekani, tukaomba radhi, na wazee wakatupokea kwa upole ambao hatukuustahili. Lakini simu iliyotukaa moyoni ilitoka kwa mama mmoja ambaye hata hakulitaja tangazo la msiba. Alikuwa ameacha mpunga wa gunia nne kwenye turubai uani, mvua ikaanza kabla ya jua kuchomoza. Aliuliza jambo moja tu: kwa nini hamkusema?

Onyo tulikuwa nalo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, ilikuwa imelitoa jioni ile, nalo likatufikia tukiwa tumeshamaliza taarifa ya mwisho ya habari. Tulilirekodi, tukaliweka kwenye orodha ya usiku. Lilikuwa la nane. Usiku kucha mtambo haukufika la nane hata mara moja.

Hewani tulieleza kwa kifupi. Hapa tunaeleza kwa urefu, kwa sababu wengi mmetuuliza, na kwa sababu yaliyotupata ni madogo ukilinganisha na yaliyowahi kuyapata makampuni makubwa ya simu na kompyuta kwa njia ileile.

Kilichotokea usiku ule

Kuanzia saa 6 usiku hakuna mtangazaji studio. Kompyuta moja ndiyo inayorusha matangazo: inasoma orodha tuliyoipanga jioni, inacheza wimbo, tangazo, kipindi, kisha kinachofuata. Programu inayofanya kazi hiyo haina mtu mbele yake, inafanya kazi kimyakimya. Ikianguka, hakuna wa kubonyeza kitufe.

Kwa hiyo fundi wetu wa mitambo aliiwekea mlinzi. Mlinzi huyu naye ni programu, na kazi yake ni kuangalia kama ile nyingine iko hai. Ikianguka, anaiwasha upya bila kumwamsha mtu.

Cha saba kwenye orodha ya usiku ule kilikuwa kipande cha mkutano wa kijiji. Umeme ulikatika wakati kinahifadhiwa kwenye kompyuta, faili likabaki limeharibika, nasi hatukulijaribu kabla ya kuondoka. Hilo ni kosa letu. Programu ilicheza vitu sita vya kwanza kwa dakika 22, ikafika kwenye faili bovu, ikaanguka. Mlinzi akaiinua mara moja. Nayo, kwa kuwa haikuwa na kumbukumbu ya mahali ilipoishia, ikaanza orodha upya: wimbo wa kwanza, tangazo la msiba, na kuendelea. Baada ya dakika 22 ikalikuta faili lilelile na kuanguka tena. Daftari la kompyuta linaonyesha mlinzi aliiinua mara 12.

Na kwenye skrini, muda wote huo, taa ilikuwa ya kijani. Kwa kipimo cha mlinzi mambo yalikuwa mazuri: programu iko hai, sauti inatoka, mnara unarusha. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kuuliza kama kinachotoka ndicho kilichotakiwa kutoka.

Kuna jambo hapa ambalo sisi wenyewe hatukulijua hadi fundi alipotuonyesha. Kompyuta yetu, kama nyingi zinazohudumia intaneti, inatumia mfumo wa Linux, na ndani yake kuna programu mama iitwayo systemd ambayo ndiyo inayowasha na kuinua nyingine. Walioitengeneza walifikiria hatari ya kuinua bila kikomo. Usipoielekeza vingine, programu ikianzishwa mara 5 ndani ya sekunde 10 na bado inaanguka, systemd inaacha kuiinua na kutangaza kwamba imeshindikana. Ni kinga nzuri. Lakini inamkamata anayeanguka haraka haraka. Yetu ilianguka kila baada ya dakika 22, na kwa hesabu hiyo kila kuanguka kulionekana ni mara ya kwanza. Mgonjwa wa homa ya kila jioni, akipimwa na daktari mpya kila siku, anaweza kupewa vidonge vilevile hadi siku ya mwisho.

Hata hivyo mlinzi huyu hafukuzwi

Wapo waliotushauri tuachane naye, tumweke mtu alale studio. Tunawaelewa. Ila wanaotusikiliza tangu zamani wanakumbuka hali ilivyokuwa kabla yake: programu ikianguka saa 7 usiku, redio ilikuwa kimya hadi alfajiri, na nyinyi mkidhani betri zenu zimekwisha. Siku hizi umeme ukicheza kidogo, mtambo unasimama na kurudi kabla msikilizaji hajanyoosha mkono kutafuta kituo kingine. Mengi ya maanguko hayo hamjawahi kuyasikia, na hayakustahili kumwamsha mtu.

Simu yako nayo inafanya hivyohivyo. Ndani yake kuna programu zinazopokea ujumbe, zinazohesabu saa ya kengele, zinazotafuta mnara. Moja ikianguka, simu inaiinua na wewe hujui. Simu nyingine zina desturi ya kinyume: betri ikishuka zinazizima programu za nyuma ili kubana chaji, ndiyo maana baadhi yenu mnaotusikiliza kwa intaneti redio hukatika skrini ikijizima. Hapo si sisi tulioanguka. Ingia kwenye mipangilio ya betri, uiruhusu programu ya redio kuendelea kufanya kazi skrini ikiwa imezimwa.

Wazo la kuacha kitu kianguke kisha kiinuliwe lina historia ya heshima. Mwaka 1986, katika maabara ya kampuni ya simu ya Ericsson huko Sweden, Joe Armstrong na wenzake Robert Virding na Mike Williams walianza kutengeneza lugha ya kompyuta iliyokuja kuitwa Erlang, kwa ajili ya mitambo ya kuunganisha simu. Waliona kwamba huwezi kuandika programu kubwa isiyo na kosa hata moja. Basi waliigawa kazi katika vipande vingi vidogo, kila kundi la vipande likawa na msimamizi. Kipande kikianguka, msimamizi anakiinua katika hali safi. Mitambo ya WhatsApp, ambayo nusu ya vijiji vyetu inaitumia kupeana habari za harusi na bei za mazao, imejengwa kwa Erlang.

Kilichotuvutia zaidi ni utaratibu wa wasimamizi wenyewe. Msimamizi wa Erlang anapewa kiwango: kipande kikianguka mara nyingi kuliko kiwango hicho ndani ya muda fulani, hatakiwi kuendelea kukiinua. Anatakiwa kukubali kwamba jambo limemshinda, aanguke na yeye, ili msimamizi wa juu yake alishughulikie. Tunaujua utaratibu huu. Ugomvi wa mpaka wa shamba unaanza kwa balozi wa nyumba kumi. Ukimshinda, unakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa mtendaji. Balozi anayesuluhisha ugomvi uleule kila wiki mwaka mzima bila kuupeleka juu, watu watasema anauficha. Mlinzi wetu alikuwa balozi asiye na mwenyekiti.

Chombo kilichokuwa Mars

Kuinuliwa peke yake hakutibu. Mfano tunaoupenda ni wa chombo cha Marekani kiitwacho Pathfinder, kilichotua kwenye sayari ya Mars tarehe 4 Julai 1997. Siku chache baada ya kutua, kompyuta yake ilianza kujizima na kujiwasha yenyewe. Ndani yake mlikuwa na mlinzi wa aina nyingine, ambaye hasubiri programu ife. Anataka kazi fulani iwe imekamilika kila baada ya muda mfupi. Isipokamilika anahesabu kwamba mambo yameganda, anawasha kila kitu upya. Kila alipofanya hivyo, kazi zilizobaki za siku ile zilisubiri kesho yake.

Mlinzi yule alikiokoa chombo. Ujumbe kutoka Mars ulichukua kama dakika 10 kufika duniani siku zile, na hakuna fundi ambaye angeweza kwenda kubonyeza kitufe. Ila mafundi hawakuridhika kwamba chombo kinarudi chenyewe. Walichukua chombo pacha kilichobaki duniani, wakakiendesha hadi kikarudia kosa lilelile, wakakuta kazi isiyo ya haraka ilikuwa imeshikilia kitu ambacho kazi ya haraka ilikihitaji, huku kazi za kati zikizidi kuichelewesha. Wakatuma marekebisho hadi Mars, na kuwaka upya kukakoma.

Sisi tulikuwa na faili bovu umbali wa meza mbili kutoka jikoni.

Kuinuka kunapoambukiza

Kuna siku ambapo kuinuka ndiko kulikokuwa ugonjwa wenyewe. Tarehe 15 Januari 1990, mtambo mmoja wa simu wa kampuni ya AT&T mjini New York ulipata hitilafu ndogo, ukajitoa kazini kwa sekunde chache, ukajiwasha upya, ukawajulisha wenzake kwamba umerudi. Hivyo ndivyo ulivyotakiwa kufanya. Lakini mwezi mmoja kabla, mitambo hiyo ilikuwa imewekewa programu mpya, iliyokusudiwa kuharakisha kurudi kazini, na ndani yake mlikuwa na kosa. Mtambo jirani uliopokea jumbe mbili kwa kufuatana haraka kutoka kwa aliyerudi, nao ulianguka. Ukajiinua, ukawapa habari majirani zake, nao wakaanguka. Mitambo yote 114 ya simu za masafa marefu ilihusika, na kwa saa 9 hivi simu nyingi za masafa marefu nchini Marekani hazikupita. Hakuna waya uliokatika, na hakuna mtambo uliokufa. Kila mmoja ulikuwa unapona na kumwangusha mwenzake.

Mfano wa karibuni zaidi mnaukumbuka, maana ulitangazwa hadi kwenye vijiwe vya kahawa. Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma sasisho lenye kosa kwa kompyuta za Windows za wateja wake duniani. Kwa saa zetu ilikuwa saa 1 na dakika 9 asubuhi. Kompyuta zilizolipokea zilianguka, zikajiwasha, zikalisoma tena faili lilelile, zikaanguka. Kampuni iligundua na kuliondoa sasisho saa 2 na dakika 27, muda wa dakika 78 tu. Kwa kompyuta nyingi zilizokuwa zimeshalipokea haikusaidia kitu: zilikuwa zinajiwasha na kuanguka kabla ya kuweza kupata marekebisho. Microsoft ilikadiria ni kompyuta milioni 8.5. Ndege zilibaki viwanjani, hospitali zikaahirisha huduma, na tiba katika sehemu nyingi ilikuwa mtu kwenda kwa miguu kwenye kila kompyuta na kulifuta faili kwa mkono.

Ukilisoma hilo unaona usiku wetu ulivyokuwa, isipokuwa sisi tulikuwa na kompyuta moja.

Huduma yako ikirejea

Kwa nini haya yamhusu mkulima? Kwa sababu mengi yaliyokuwa yakifanywa dirishani na mtu, sasa yanapita kwenye programu za namna hii. Umeme wa LUKU, ada ya shule kwa namba ya malipo, fedha kutoka kwa mtoto aliyeko mjini. Mbolea ya ruzuku, tangu 2022, inatolewa kwa mkulima aliyesajiliwa kwenye mfumo wa kidijitali. Mfumo ukiganda siku ya kununua mbolea, mvua haisubiri.

Mei 2021 ununuzi wa LUKU ulikwama siku kadhaa, na Waziri wa Nishati wa wakati huo, Medard Kalemani, akawasimamisha kazi maofisa wa TEHAMA wa TANESCO. Wananchi walifurahia hatua ile. Sisi tunaona kumsimamisha mtu ni jambo moja na kuambiwa kilichoanguka, kwa nini kilianguka na nini kimebadilishwa ni jambo jingine. Mara nyingi, mfumo wowote ukikwama, tunachopewa sisi vyombo vya habari ni sentensi moja: huduma imerejea. Usiku ule wa msiba huduma yetu ilirejea mara 12. Kwa hiyo tumeamua kwamba taarifa ya namna hiyo ikitufikia tutauliza la pili, hata kama tutaonekana wasumbufu: imerejea kwa sababu tatizo limeondolewa, au kwa sababu mtambo umewashwa upya?

Upande wa fedha kuna tahadhari. Umetuma elfu 50 kwa simu, skrini ikazunguka, haikuleta jibu. Inawezekana programu ya upande wa pili imeanguka katikati na kuinuliwa. Fikiria umemtuma kijana na barua, akaanguka na baiskeli, akarudi hakumbuki kama aliikabidhi. Ukimpa barua ya pili, huenda mwenyeji akapata mbili. Mifumo iliyojengwa vizuri hukinga hilo kwa kukipa kila kitu namba yake: mtambo ukiinuka unaangalia namba ile, ukikuta imeshalipwa haulipi tena. Lakini wewe ukianza upya kutuma, unatengeneza namba mpya, na mtambo hauna njia ya kujua kwamba ni barua ileile. Kwa hiyo usibonyeze tena. Angalia salio kwanza, fungua orodha ya miamala, muulize unayemtumia. Ikiwa uko kwa wakala, msiachane kabla ya kuona ujumbe, na usimpe mtu namba ya siri eti akusaidie kujaribu upya. Wapo wanaongojea siku za hitilafu kama wavuvi wanavyongojea mbalamwezi kuzama.

Tulichobadilisha

Programu yetu sasa inaandika mahali ilipofika, na ikiinuliwa inaendelea na kinachofuata. Faili likiiangusha mara moja, linawekwa pembeni hadi mtu aliangalie asubuhi. Maonyo ya TMA hayapangwi tena katikati ya nyimbo: yanakaa mwanzo wa orodha, na likija jioni sana, aliye zamu anarudi studio kulisoma mwenyewe. Mlinzi tumembakiza, ila anahesabu maanguko ya saa nzima badala ya sekunde 10. Likitokea la pili, anapiga simu ya zamu.

Fundi alitaka tujaribu kabla ya kuamini. Wiki iliyopita, bila kumwambia aliye zamu, aliweka mafaili mawili mabovu kwa makusudi kwenye orodha ya usiku. Programu ilianguka la kwanza, ikaliruka, ikaendelea. Ikaanguka la pili, na saa 8 na robo usiku mlinzi akapiga simu kama alivyoagizwa. Simu ilikuwa imezimwa mlio, mwenyewe amelala fofofo.

Sasa zinapigwa simu mbili, moja ya zamu na moja ya fundi, na anayelala na mlio umezimwa anakatwa posho ya usiku. Nanyi tunawaomba mtusaidie kusikiliza. Ukisikia tangazo lilelile mara tatu ndani ya saa moja kati ya saa 6 usiku na saa 11 alfajiri, bipu namba ya zamu tunayoitaja kila mwisho wa taarifa ya habari. Tutakupigia sisi.